Mtunzaji si Mwenye Mali

Kuna kazi za kutengeneza vitu, na kuna kazi za kuvitunza vitu vilivyokwisha kutengenezwa. Kazi za kwanza zasifiwa na watu wote. Seremala akimaliza meza, twaiona. Mwashi akimaliza ukuta, twamshukuru. Lakini yule anayekilinda kitu kisioze, kisiliwe na wadudu, kisipasuke, huyo hapati sifa nyingi. Maana kazi yake ikiwa njema hakuna jipya linaloonekana. Kitu ni kilekile cha jana.

Siku hizi wako vijana wa Kongo waliochagua kazi hii ya pili. Wanajifunza kutunza vinyago, sanamu, viti vya wakubwa, ngoma, nguo za nyuzi za rafia, na vitu vingine walivyotuachia wazee. Na kwa kuwa mahali pa kujifunzia hapa kwetu ni pachache, wengine hujiandaa kwenda ng'ambo kufanya staje, yaani kujizoeza kazi katika nyumba kubwa za makumbusho. Mzazi wa Bukavu asikiapo habari hiyo hufurahi, huuliza juu ya pasipoti na nguo za baridi, na basi. Lakini liko swali jingine ambalo si la nguo wala la karatasi, bali la dhamiri. Tunataka kulifikiri leo pamoja nanyi, wasomaji wapenzi.

Swali ni hili. Vitu vingi watakavyovishika vijana hawa huko ng'ambo ni vya babu zetu, na baadhi yake vilitoka hapa kwa nguvu au kwa hila. Je, ni halali kijana wa Kongo kutumia akili na mikono yake kuitunza mali ya wazee wake ikiwa ndani ya nyumba ya wale walioichukua? Je, huko si kumsaidia mwizi?

Wako wanaojibu upesi: "Asiende. Afadhali sanamu ioze kuliko kuwatumikia." Wako na wengine wanaojibu upesi vilevile: "Aende, asiulize mambo ya kale, apate cheti chake." Twaona ya kuwa hawa wote wawili wameruka jambo lililo katikati. Tulitazame polepole.

Kazi yenyewe ni nini?

Watu wengi hudhani ya kuwa kutunza kitu cha kale ni kukifanya kionekane kipya. Sivyo. Mtu akitwaa kinyago cha miaka mia, akakisugua kwa sabuni, akakipaka vanishi hata king'are, amekiharibu kabisa. Walega wa Mwenga, Shabunda na Pangi ni mabingwa wa kuchonga pembe za ndovu. Walikuwa na desturi ya kuzipaka sanamu zao mafuta na kuzisugua kwa mikono, mwaka baada ya mwaka, hata zikawa laini na kupata rangi kama ya asali. Mng'ao ule si uchafu. Ni alama ya mikono ya watu waliozishika, watu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Asiyejua kazi atausafisha mng'ao huo. Fundi wa kweli atauacha.

Basi kanuni za kazi hii ni chache, nazo ni ngumu kwa mwenye kiburi. Ya kwanza: fanya kidogo kadiri iwezekanavyo. Ya pili: usifanye neno ambalo fundi atakayekuja baada yako hawezi kulifungua. Kwa sababu hiyo mafundi wengi hutumia gundi iitwayo Paraloid B-72, maana hata baada ya miaka mingi huyeyuka tena kwa asetoni, na kipande kilichounganishwa vibaya huweza kuunganishwa upya. Ya tatu: andika yote uliyoyaona na yote uliyoyafanya, hata kosa lako, ili mwingine asidanganyike.

Adui za vitu hivi nazo zajulikana. Mwanga ni adui: rangi za nguo na manyoya ya ndege hufifia, na rangi iliyofifia hairudi tena. Katika makumbusho vitu dhaifu namna hii huwekwa katika mwanga usiopita luksi 50, na jua kali la mchana hupita luksi 50,000. Hewa nayo ni adui: mti na pembe hunywa unyevu na kuvimba, kisha hukauka na kusinyaa, kinachopasua hasa ni kugeuka kwa ghafula. Sanamu iliyozoea unyevu wa misitu ya Shabunda, ikiingizwa katika nyumba ya Ulaya inayopashwa moto wakati wa baridi, hupata nyufa. Wadudu watoboao miti ni adui. Kuwaua, kitu hufungwa katika mfuko wa plastiki na kutiwa ndani ya friji yenye baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri kwa siku kadhaa. Zamani makumbusho mengi yaliwaua kwa aseniki na DDT, na sumu hiyo ingali ndani ya vitu vingine hata leo. Kwa hiyo fundi avaapo glovu hakilindi kitu tu na jasho lake. Mara nyingine anajilinda mwenyewe na kitu.

Tumeyaeleza haya ili msomaji aone ya kuwa si kazi ya mchezo, wala si ya kutumwa tu. Yataka subira, unyenyekevu, na ukweli. Sasa turudi kwenye swali.

Mali hiyo ilitokaje?

Haifai kusema ya kuwa vitu vyote vya Kongo vilivyoko Ulaya viliibwa. Wala haifai kusema ya kuwa vyote vilinunuliwa. Njia zilikuwa nyingi. Vingine vilitolewa zawadi na wakubwa kwa wageni wao. Vingine vilinunuliwa kwa bei waliyopatana. Vingine viliuzwa kwa sababu mwenyewe alibanwa: amri ya serikali ya kikoloni ilipiga marufuku chama cha bwami cha Walega, nacho kilipigwa marufuku tena mwaka 1948, na mtu aliyekatazwa kitu chake hukiuza kwa bei yoyote, au hukificha. Na vingine vilichukuliwa kwa upanga.

Wa namna hii ya mwisho tunao mfano karibu nasi, kwenye ziwa Tanganyika. Mwaka 1883 afisa Mbelgiji, Émile Storms, alijenga kituo huko Mpala, pwani ya magharibi ya ziwa. Hakupatana na Lusinga, mkubwa mmoja wa Watabwa. Mwezi Desemba 1884 watu wa Storms walikishambulia kijiji chake. Lusinga akauawa, kichwa chake kikakatwa, na sanamu ya wazee wake ikatwaliwa. Mwaka 1885 kituo cha Mpala kilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe, naye Storms akarudi kwao na nyara zake. Sanamu ikawa pambo la nyumba yake, na katika miaka ya 1930, baada ya kufa kwake, ikaingia katika makumbusho ya Tervuren, karibu na Bruxelles. Fuvu la Lusinga likapelekwa katika taasisi ya elimu ya viumbe huko Bruxelles.

Mtu atasema: wasafiri waliandika ya kuwa Lusinga alikuwa mkali, mkamata watumwa. Ndiyo, waliandika hivyo. Lakini amri ya saba haisemi, "Usimwibie mtu mwema." Na ile sanamu haikuwa ya Lusinga peke yake, ilikuwa ya waliomtangulia na ya watakaomfuata, ambao hawakumkosea Storms neno lolote.

Si kwamba Wabelgiji wenyewe hawajui. Makumbusho ya Tervuren yalianza na maonyesho ya mwaka 1897. Yalifungwa mwaka 2013 ili yatengenezwe, yakafunguliwa tena tarehe 8 Desemba 2018. Mwezi Februari 2022 serikali ya Ubelgiji iliikabidhi serikali yetu orodha ya vitu vya Kongo vilivyomo, yapata 84,000. Mwezi Juni mwaka uleule mfalme Philippe alikuja Kongo na kukileta Kinshasa kinyago kikubwa cha Wasuku kiitwacho Kakuungu, si kwa kukirudisha kabisa bali kwa kukiazima bila kikomo. Kisha tarehe 3 Julai 2022 ikatolewa sheria inayofungua njia ya kurudisha vitu vilivyopatikana isivyo haki. Basi mlango umefunguliwa kidogo. Lakini ili kujua ni kitu gani kilipatikana isivyo haki, lazima mtu akitazame kimoja kimoja, asome karatasi zake, aulize. Na ni nani atakayetazama?

Jibu letu

Tuseme ndugu yako ameibiwa mbuzi. Siku moja unamkuta mbuzi yule katika zizi la mwizi, naye mgonjwa. Ukimpa dawa, je, umemsaidia mwizi? Hapana. Umemponya mbuzi wa ndugu yako, ili siku ya kudaiwa awe hai. Kumwacha afe ili kumkomoa mwizi ni kumpa ndugu yako hasara mara mbili. Lakini tuseme ndugu yako amemtia mbuzi wake alama sikioni, nawe, kwa kuogopa au kwa kupewa kitu, unakubali kuifuta alama hiyo. Hapo umekuwa mwizi wa pili.

Twaamini ya kuwa jibu la swali letu limo humo. Kutunza si dhambi, hata ndani ya nyumba ya aliyenyang'anya. Maana kitu hakina kosa, na wenyewe wanakihitaji kikiwa kizima. Dhambi ni kufuta alama. Na alama ya kitu cha makumbusho ni maandishi yake: kilitoka kijiji gani, kwa nani, mwaka gani, kwa njia gani. Kadi ikiandika jina la Mzungu aliyekitoa kwa makumbusho, ikanyamaza juu ya yule aliyenyang'anywa, alama imefutwa nusu. Kijana wetu akiyajua ya kweli akanakili ya uongo, dhamiri yake haitamwacha kwa kusema, "Niliambiwa tu niandike."

Hatusemi haya kana kwamba ni mepesi. Kijana wa staje ni mgeni. Visa yake ina mwisho, posho yake hutoka kwa wenyeji, cheti chake kitatiwa sahihi na mkuu wa kazi. Akiwa na maneno mengi huenda asiitwe tena. Basi wajibu wake wafika wapi? Twaona hivi: hakuna anayemlazimisha kupiga kelele, wala kuwatukana waliompokea, wengi wao ni watu wema wanaofanya kazi kwa moyo, na baadhi yao ndio waliozitoa karatasi za kale gizani. Lakini yako mawili asiyoweza kuyaacha. La kwanza, asiandike analojua ni uongo. La pili, asilifiche aliloliona. Akiikuta damu kavu juu ya mti, au alama ya moto, au nambari ya zamani iliyofichwa chini ya rangi, aiandike katika ripoti yake kama kanuni ya kazi inavyomwagiza. Mara nyingi uaminifu katika kazi ndogo utatosha. Kanuni ya fundi na amri ya Mungu hapo husema neno moja.

Walega walilijua neno hili

Wengine hudhani ya kuwa mawazo haya ya kutunza yametoka Ulaya. Hapana. Katika bwami ya Walega vile vitu vya kufundishia, viitwavyo masengo, vingine vilikuwa vya mtu kwa daraja lake, na vingine vilikuwa vya watu wote wa chama, vikiwekwa katika kikapu na kukabidhiwa mtu mmoja avitunze. Mtu huyo hakuweza kuviuza wala kujivunia kuwa ni vyake. Siku ya mafundisho alivileta, wenziwe wakaviona, akavirudisha kikapuni. Alipokufa, kikapu hakikufa naye. Kilikwenda kwa mwingine. Hata vile vinyago vidogo vya mti alivyokuwa navyo mtu binafsi viliwekwa juu ya kaburi lake, kisha vikatwaliwa na ndugu aliyestahili. Kwa Kiswahili neno la jambo hili tunalo: amana. Mwenye amana ana mzigo, hana mali.

Tena Walega walitufundisha neno la pili. Kwao sanamu haikusimama peke yake. Kila moja ilikuwa na methali yake, ikatolewa kwa wimbo na mchezo, ili kumwonya mtu asiwe mgomvi, asiwe mchoyo, asidharau wakubwa. Sanamu yenye nyuso nyingi katika sanduku la kioo ni kitu kizuri cha kutazama. Lakini pasipo neno lake ni kama kitabu ambacho wino umetoka. Profesa Daniel Biebuyck, Mbelgiji aliyekaa kati ya Walega katika miaka ya 1950, aliandika mamia ya methali hizo, na kitabu chake juu ya utamaduni wao kilitoka mwaka 1973. Lakini wazee bado wanazo nyingine, nao wanakufa. Basi ni mtunzaji gani anayelinda mti na kuliacha neno lipotee?

Na sisi Wakristo?

Tungekosa haki kama tungewahukumu watu wa Tervuren peke yao na kunyamaza juu ya nyumba yetu. Katika nchi nyingi za misioni, watu walipobatizwa waliambiwa walete vitu vyao vya kale. Vingine vilichomwa moto mbele ya watu wote, vingine vilitiwa masandukuni na kupelekwa Ulaya. Mwaka 1925 Papa Pio XI alifanya maonyesho makubwa ya misioni huko Vatikano, na vitu yapata 100,000 vilipelekwa kutoka pande zote za dunia. Sehemu yake ilibaki huko, ikawa mwanzo wa makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1927. Wengi walivitoa kwa moyo mweupe. Lakini mtu aliyebatizwa jana, akiombwa na padri wake, je, alikuwa na uhuru wa kukataa? Swali hili si la matusi. Ni la haki.

Kanisa lenyewe limelisikia. Mwaka 2023 vipande 3 vya mawe ya hekalu la Parthenon, vilivyokaa Vatikano miaka mingi, vilirudishwa Athens. Na Papa Fransisko alipoulizwa juu ya kurudisha vitu aliikumbuka amri ya saba. Mwezi Novemba 2025 Papa Leo XIV aliwapa maaskofu wa Kanada vitu 62, ili virudi kwa wenyeji wa asili wa nchi ile. Wako pia wamisionari waliovitunza vitu hukuhuku kwetu. Mapadri Waksaveri, waliofika Kongo mwaka 1958, walivikusanya vitu vya Walega na vya makabila mengine ya Kivu, wakavifanyia nyumba ya makumbusho hapahapa Bukavu, ili mtoto wa Bukavu avione bila visa. Hilo ni neno la kushukuru. Nalo laonyesha ya kuwa mtu anaweza kukitunza kitu bila kukitenga na watu wake.

"Kwenu hakuna usalama"

Liko pingamizi tunalolisikia mara nyingi: "Mkirudishiwa, vitaibiwa." Tusilikatae kwa hasira, maana lina ukweli ndani yake. Kati ya mwaka 1976 na 1982 Ubelgiji uliirudishia nchi yetu vitu 114. Baadaye, katika fujo za miaka ya 1990, makumbusho ya Kinshasa yaliibiwa, na vingine vya wale 114 vikapotea, vikauzwa tena kwa matajiri wa ng'ambo. Nasi watu wa Kivu hatuhitaji kuambiwa vita ni nini. Mwezi Februari 2025 tuliona wapiganaji wa M23 wakiingia Bukavu, tukaona maghala yakiporwa. Mtu anayetafuta mahali pa kuwaficha watoto wake haulizwi habari za kinyago.

Lakini pingamizi hili lathibitisha nini? Lathibitisha ya kuwa tunahitaji nyumba imara, na watu waaminifu wenye ujuzi. Halithibitishi ya kuwa haki imekufa. Jirani akiona paa la nyumba yako linavuja, anaweza kukuhifadhia kitanda. Lakini kitanda hakiwi chake kwa sababu ya mvua. Tena waizi wa Kinshasa waliiba kwa kuwa walikuwako wanunuzi, na wanunuzi hao hawakukaa Kinshasa. Tangu mwaka 2019 mji mkuu una makumbusho mapya ya taifa, yaliyojengwa kwa msaada wa Korea Kusini. Nyumba ipo, basi. Kinachopungua bado ni mikono na dhamiri.

Shauri kwa anayekwenda

Kijana uliyekubaliwa kwenda, twakuambia machache kama wazazi.

Kabla ya kwenda ng'ambo, nenda kwanza kwa wazee. Penye wazee haliharibiki neno. Usipande ndege kabla hujakaa na mzee mmoja wa kwenu na kumwuliza kitu hiki chaitwaje, kilishikwaje, nani hakuruhusiwa kukiona, kwa nini mdomo wake uko wazi. Andika katika daftari kwa lugha yake, si kwa Kifaransa tu. Huko unakokwenda watakuwa na darubini na mashine za kupima hewa. Neno la mzee hawana. Ukilileta hutakuwa mwanafunzi tu mbele yao. Utakuwa pia mwalimu. Lakini kama mzee akikuambia, "Neno hili si la kutangaza," lishike pia hilo. Siri uliyopewa nayo ni amana.

Ukifika, jifunze kwa bidii hata kazi isiyopendeza: kufuta vumbi kwa brashi laini, kuandika nambari, kuhesabu wadudu waliokufa katika mitego. Usiidharau. Usiwachukie wenyeji kwa makosa ya babu zao, wala usiwasujudie kwa ajili ya fedha zao. Ukiwa Tervuren, enda kwenye kanisa la parokia. Kando yake yako makaburi ya Wakongo 7. Mwaka 1897 walipelekwa Wakongo 267 ili waonyeshwe katika yale maonyesho; hawa 7 walikufa wakati ule, hawakurudi kwao. Simama hapo, uwaombee. Kisha urudi kazini.

Wala usifikiri ya kuwa ni Ulaya tu penye shule. Kati ya mwaka 1990 na 2000 wataalamu wengi wa makumbusho ya Afrika walifundishwa kwa mpango wa ICCROM, shirika lenye makao yake Roma. Na tunda la kazi hiyo likawa vyuo viwili katika Afrika yenyewe, kimoja Porto-Novo, Benin, mwaka 1998, na kingine Mombasa, mwaka 2000. Huko Mombasa wenyeji husema Kiswahili kama sisi, na joto la bahari huoza mbao kama mvua zetu. Mara nyingine jirani anakijua kidonda chako kuliko mganga wa mbali.

Na kurudi je? Mkataa kwao ni mtumwa, wasema wazee. Lakini hapa hatutaki kumtwisha kijana mzigo wote. Akirudi na ujuzi akakuta hakuna kazi, hakuna mshahara, hakuna hata kabati yenye kufuli, nani atamlaumu akiondoka tena? Ujuzi wake ni amana, naye atatoa hesabu yake. Sisi nasi tutatoa hesabu ya jinsi tulivyompokea.

Basi tumpe kazi, hata kabla serikali haijampa. Wasomaji wapenzi, tazameni katika parokia zenu. Vitabu vya ubatizo vya miaka ya kwanza viko wapi? Je, mchwa hawajavifikia? Ndani yake mna majina ya babu zenu, na kwa wengine ni maandishi ya pekee yanayoonyesha ya kuwa waliishi. Picha za kale za misioni ziko katika sanduku gani, na chini ya paa linalovuja? Ile ngoma ya kwanza ya kanisa, iliyochongwa na mkatekista aliyekufa, nani anaitunza? Na katika nyumba zenu, yule nyanya anayeficha kitu kwenye kitambaa chini ya kitanda, kwa kuogopa kuchekwa na wajukuu waliosoma, je, mmemwuliza ni nini?

Kijana akirudi kutoka staje yake, mwiteni. Mwonyesheni vitabu hivyo na sanduku hilo. Atawaambia pa kuviweka, mbali na ukuta wenye maji na mbali na jua, na atawafundisha watoto wenu kuandika kila kitu kilitoka wapi na kilikuwa cha nani. Hiyo itakuwa kazi yake ya kwanza, na haitahitaji ruhusa ya mtu yeyote ng'ambo.